Kibaba cha Maji

Wageni wanaofika kwangu hawakosi kuuliza habari za mmea ulio dirishani. Shina lake limekomaa kama la mti wa miaka mingi, ilhali kimo chake hakipiti dhiraa moja. Majani yake ni manene na ya mviringo, yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, na kingo zake huingia wekundu yakipata jua la kutosha. Wakishausifu huniuliza, "Unaitwaje kwa Kiswahili?" Nami, niliyejitia katika kazi ya maneno kwa miaka mingi, sina jibu la kamusi la kuwapa. Huwaambia, "Unaitwa Jadi." Wao huridhika, na mimi hubaki na haya kidogo, kwa kuwa jina hilo halimo katika kitabu chochote. Alilitunga mamangu kwa kukosea kusikia.

Mamangu alikuja kwangu Nairobi mwezi wa Januari mwaka 2017, akitokea Mombasa alikozaliwa na alikozeekea. Figo zake zilikuwa zimeshindwa na kazi, ikawa hana budi kusafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa juma, saa nne kila mara. Kati yetu watoto wake, mimi ndiye niliyekuwa na chumba cha ziada na kazi inayofanyika nyumbani, nikamchukua. Alikuja na sanduku moja, mkeka wake, na majuto ya kuiacha mirehani na miasumini yake mikononi mwa dadangu, ambaye alimpigia simu kila jioni kumkumbusha kuinywesha.

Katika chumba cha mashine, kitanda cha jirani kilikuwa cha mzee mmoja wa Machakos, fundi saa, aliyekwisha kuyazoea matibabu hayo. Alimwita "Mama Mombasa", naye Mama akamwita "ndugu yangu". Siku moja mzee yule alimletea kitawi kifupi kilichofungwa katika kipande cha gazeti.

"Huu ni jedi," akamwambia. "Kwanza uuweke siku nne tano bila kuupanda, mpaka kidonda chake kikauke. Halafu uupande, na usiusumbue kwa maji. Ni mgonjwa mwenzetu huyu. Naye amekatazwa kunywa."

Mama alicheka hadi muuguzi akaja kutazama kama mashine ina kasoro.

Njiani tukirudi alikipakata kile kitawi mapajani na kuniambia niendeshe taratibu, Jadi asije akavunjika. Nikamsahihisha. Si jadi, nilisema, ni jedi. Ndivyo wauza miche wa kando ya barabara wanavyolitamka jina la Kiingereza, nalo ni jina la jiwe la kijani linalothaminiwa mno na Wachina, maana majani haya hung'aa mfano wa jiwe hilo likishasuguliwa. Akanisikiliza hadi mwisho, kama alivyokuwa akinisikiliza utotoni nikimweleza mambo ya shule, kisha akasema, "Jiwe hilo silijui, baba. Jadi naijua."

Baadaye nilitafuta asili ya mmea wenyewe, nikitaraji kuupata China. Sikuupata huko. Wanasayansi huuita Crassula ovata, maneno ya Kilatini, la kwanza likitokana na unene na la pili na umbo la yai. Makazi yake ya asili ni Afrika Kusini, katika Rasi ya Mashariki na KwaZulu-Natal, na Msumbiji. Huko huota kwenye miteremko mikavu yenye mawe, pamoja na mishubiri, na huweza kumpita mtu kwa kimo. Wakati wa baridi, kati ya Juni na Agosti, hutoa maua madogo meupe yenye wekundu wa mbali, kila moja mfano wa nyota. Wakhoi walikuwa wakiila mizizi yake: waliikuna, wakaipika, wakaila kwa maziwa mazito. Kumbe mmea tunaoununua kwa jina la jiwe la Mashariki ya Mbali ni wa bara letu, uliosafiri ng'ambo ukarudi na jina la ugenini. Nilipomsomea Mama habari hizo hakushangaa hata kidogo. "Si nilikwambia?" akasema.

Yeye mwenyewe aliufananisha na mshubiri, kwa ajili ya unene wa majani na maji yaliyomo ndani. Kwa elimu ya mimea hiyo si ya ukoo mmoja, lakini ulinganisho wake ulinipa la kutafakari. Katika Kiarabu, jina la mshubiri na neno la subira yana mzizi mmoja wa herufi tatu. Sisi tuliyapokea yote mawili, tukayatenganisha: shubiri tukaiweka katika uchungu, subira tukaiweka katika methali. Mama hakuwahi kusoma Kiarabu cha vitabuni, ila katika mwaka ule mmoja na miezi minne aliyoishi nami niliyaona maneno hayo mawili yakirudiana.

Daktari alimpimia lita moja ya kinywaji kwa siku, na ndani ya lita hiyo vilihesabiwa chai, uji, mchuzi, na hata maji ya kumezea dawa. Sisi wenye figo nzima hatujui ni neema gani kunywa bila kuhesabu. Kwa mgonjwa kama yeye, maji yasiyopata pa kutokea hubaki mwilini: huvimbisha miguu, kisha hupanda mapafuni, mtu akawa anazama naye yuko kitandani. Kabla ya kila matibabu alipandishwa kwenye mizani, na kilo zilizozidi tangu mara iliyopita zilikuwa takriban zote ni maji. Basi nilichukua chupa ya lita moja, nikaitia alama kwa kalamu, nikawa naijaza kila alfajiri. Kila alichokunywa, hata kikiwa chai, nilimwaga kiasi kile kile kutoka katika chupa, ili sote wawili tuone kilichosalia. Chupa ile aliiita kibaba. "Cha wenzangu hujaa haba na haba," alisema. "Changu huisha haba na haba."

Madafu nayo yalikatazwa, kwa sababu yana potasiamu nyingi, na figo zilizoshindwa haziwezi kuitoa. Ikizidi katika damu huweza kuusimamisha moyo. Kumkataza dafu mwanamke wa Mombasa ni jambo zito. Alilipokea bila neno, ila tangu siku ile hakutaka tena kupita na gari mbele ya vijana wauzao madafu barabarani. Alinitaka nizunguke njia nyingine.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Hawakuacha methali ya mwana anayechelea mama kulia, au kama waliiacha, haikunifikia. Kila usiku saa tatu nilimpa kikombe cha mwisho. Baada ya hapo akiniomba nilimpa kipande cha ndimu akifyonze, au kijipande cha barafu, nacho barafu kilihesabiwa. Alikuwa hanung'uniki. Aliomba mara moja kwa sauti ya kawaida, kama mtu aombaye chumvi mezani, nami nikikataa aligeukia dirishani.

Dirishani ndipo alipokuwa Jadi, katika kopo la maziwa ya unga alilolitoboa chini kwa msumari. Dirisha la chumba chake lilitazama mashariki. Kopo alilijaza mchanga wa mtoni na udongo kidogo. Mimi nilikuwa nimetaka kumletea mchanga wa pwani, akanikumbusha kuwa una chumvi. Kila baada ya siku kumi au kumi na mbili alikitia kidole udongoni hadi pingili ya pili. Kikitoka na unyevu alisema, "Bado." Kikitoka kikavu aliunywesha mpaka maji yakachuruzika chini ya kopo, akayamwaga yale ya kisahanini, basi, hadi mara nyingine.

Usiku mmoja, baada ya mimi kumkatalia, aliniita nichukue kalamu. Mamangu alikuwa hodari wa kutunga papo kwa papo, kama walivyo wengi wa rika lake kule kwetu. Harusi nyingi za mtaa zilipata beti zake, na hakuna aliyeziandika. Akanisomea ubeti huu mmoja:

Nimepimiwa kibaba, tone kwa tone kooni,
Mwanangu kawa ni baba, kashika yeye mizani;
Na Jadi naye kashiba, amenyamaza chunguni,
Kisichozidi ni tiba, kikizidi taabani.

Nilikuwa nimechoka. Niliandika huku nikihesabu, kwa mazoea: nane kwa nane, vina vimetimia, kina cha kati na cha mwisho havikupotoka. Nikamwambia, "Umekamilika, Mama, hauna kasoro." Akanitazama kitambo, akasema, "Ahsante, mwalimu." Nilisikiliza mizani, maana nilikuja kuisikia baadaye sana.

Wagonjwa wa figo wengi hawapati usingizi mzuri, na Mama alikuwa mmoja wao. Nilimsoma sana mmea ule katika usiku wa kukesha naye. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuvuta hewa ya ukaa, na kwa kufanya hivyo hupoteza maji mengi juani. Mmea huu hufanya kinyume. Mchana huvifunga vitundu vyake, usiku huvifungua, ukaivuta hewa ile na kuihifadhi katika majani kwa namna ya asidi, kisha kukipambazuka huitumia kwa usanisinuru, milango ikiwa imefungwa. Mwaka 1815 zilichapishwa London habari za Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyekuwa India, kwamba majani ya mmea mmoja wa ukoo huu huwa machachu asubuhi, na kufika adhuhuri huwa hayana ladha. Uchachu huo ndio akiba ya usiku. Nilimweleza Mama hayo yote saa nane za usiku. Akasema, "Kumbe siko macho peke yangu."

Mwezi wa Mei mwaka 2018, usiku wake wa mwisho nyumbani, aliniomba maji mara tatu. Hakuwahi kuomba zaidi ya mara moja. "Baba, nipa maji kidogo. Funda moja tu." Kibaba kilikuwa kitupu tangu magharibi, na miguu yake ilikuwa imevimba. Nikamjibu, "Kesho, Mama." Asubuhi nilimpeleka hospitali, na siku ya pili yake akafariki. Daktari alinieleza kwa upole kwamba moyo ulikuwa umechoka kwa muda mrefu, na kwamba funda lile lisingemwokoa, wala kunyimwa kwake hakukumuua. Kwa akili nilimwelewa. Lakini ulimi wangu ndio uliosema "kesho", na kesho hiyo haikuwa na kikombe.

Baada ya arubaini nilirudi Nairobi kutoka Mombasa, nikamkuta Jadi katika kopo lake, hajanyweshwa kwa majuma sita. Majani yalikuwa yamekunjamana kidogo tu. Nikaona aibu kuu: urithi pekee wa mamangu ndani ya nyumba yangu unakaa katika kopo la maziwa. Nilikwenda kununua chombo cha kauri, kikubwa, kizuri, chenye maua ya samawati, nisione kwamba hakina tundu chini. Nikakijaza udongo mweusi wenye samadi. Nikasoma katika intaneti maelekezo ya Kiingereza yasemayo mmea huu uwekwe kwenye dirisha la kusini, ambako jua ni jingi. Nikauondoa katika chumba cha Mama, nikauhamishia sebuleni, kwenye dirisha la kusini. Na kila usiku saa tatu, saa ya kikombe cha mwisho, nikawa naumiminia maji. Kikombe kizima. Sikujiuliza kwa nini nimeichagua saa hiyo.

Mwezi wa Julai majani yakaanza kuanguka. Yalianguka bila kuguswa, manjano, laini, yamejaa maji hata ukiyashika hupasuka. Nikadhani ni kiu. Nikaongeza kikombe cha asubuhi.

Wakati huo nilikuwa na blanketi la hospitali ambalo Mama alilikopa chumba cha mashine, nikalirudisha siku ambayo nilijua zamu yao ilikuwapo. Mzee wa Machakos alikuwa kitandani pake, mirija mkononi. Tulisalimiana, akanipa pole, akauliza habari za jedi. Nikamweleza yote: chombo, udongo, dirisha, maji ya usiku. Alifumba macho nikidhani amesinzia.

"Kijana," akasema, "hayo maji ni ya mamako. Jedi hakuyaomba."

Sikuwa na la kujibu. Akaendelea, bado macho kayafumba: "Hapa tuko vitanda kumi na viwili. Nimewaona waliopewa kikombe cha pili na watoto wao kwa huruma. Wanaletwa usiku, hawawezi kupumua. Mamako hakuwahi kuletwa usiku. Nenda nyumbani ukautoe huo mmea kwenye tope. Ukikuta pameoza, kata mpaka uone pasafi. Usiogope kukata."

Nilirudi nikaung'oa. Mizizi ilikuwa kamasi nyeusi, na shina lililokuwa gumu kama ukuni lilibonyea kwa kidole. Nilikata kwa kisu kilichopanguswa kwa spiriti. Mkato wa kwanza ulitoa hudhurungi katikati. Wa pili, hudhurungi. Nilikata mpaka pakabaki kitawi kimoja cha urefu wa kidole, chenye majani matano, na ndani yake pakawa peupe penye ukijani, pasafi. Kilikuwa takriban sawa na kile alicholetewa Mama ndani ya gazeti. Majani saba mazima yaliyoanguka niliyalaza juu ya mchanga mkavu.

Kisha likaja lililo gumu kuliko yote, nalo ni kutofanya kitu. Kidonda cha kitawi kilitakiwa kukauka juma zima kabla ya kupandwa, na kikishapandwa kisipewe maji kwa majuma mengine mawili au matatu, kwa sababu kisicho na mizizi hakinywi, huoza tu. Kila usiku saa tatu mkono wangu ulitafuta kikombe. Nilikaa mbele ya kopo mikono ikiwa mitupu. Nililia hapo kwa mara ya kwanza tangu maziko.

Katika siku zile za kungoja ndipo nilipofahamu pia kosa la dirisha. Maelekezo yale yaliandikwa na watu waishio mbali kaskazini mwa dunia, ambao kwao jua la mwaka mzima liko upande wa kusini. Nairobi iko digrii moja na kitu kusini mwa Ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua letu hupita upande wa kaskazini, na dirisha la kusini halipati hata mwali mmoja, tena katika miezi ile ile ya baridi na mawingu. Nimefanya kazi ya kutafsiri kwa miaka mingi, na huwakemea vijana wanaohamisha maneno bila kuyauliza yamezaliwa wapi. Hapa nililitafsiri neno "kusini" sawasawa, nikasahau kulitafsiri jua. Mama, asiyesoma maelekezo yoyote, aliuweka penye mwanga wa asubuhi kwa kuwa aliuona ukiinamia huko.

Kwa ndugu msomaji atakaye kufuga mmea huu ndani ya nyumba, nayasema machache niliyojifunza kwa gharama. Mpe chungu kidogo cha udongo wenye tundu. Chombo kikubwa huweka unyevu ambao mizizi haiufikii. Udongo uwe mwepesi, nusu yake mchanga mkubwa wa mtoni uliooshwa au vijiwe vyepesi vya volkano. Mwanga wa jua wa saa nne au zaidi kwa siku wamtosha. Akiukosa hurefuka, akawa dhaifu na kuinama, basi mgeuze mara kwa mara asimamie pande zote. Kiu yake huonekana kwa majani kukunjamana, nayo huponyeka kwa siku mbili tatu. Shibe iliyozidi huonekana kwa majani kulainika na kuwa ya manjano, nayo mara nyingi huonekana muda umekwisha kupita. Hapa Nairobi mimi humnywesha kila baada ya siku kumi hadi kumi na nne katika miezi ya joto. Juni hadi Agosti hukaa majuma matatu, hata manne. Lakini kalenda isikutawale, tia kidole. Ukiona vijidudu vyeupe mfano wa pamba kwenye viungo vya majani, vipanguse kwa pamba yenye spiriti. Na ukiwa na paka au mbwa, mmea ukae pasipofikika, maana majani yake huwadhuru.

Kitawi kilishika. Mwezi wa Septemba nilikivuta kidogo, kikakataa kuvutika, nikajua kimeota mizizi. Katika yale majani saba, matano yalinyauka. Mawili yalitoa nyuzi za waridi chini, na baadaye vijani viwili viwili vidogo kuliko mbegu ya mchicha iliyochipuka. Jani lenyewe lilibaki limeegemea mchanga, likizidi kukunjamana kadiri kile kichanga kilivyonenepa. Linatoa maji yake yote hivyo, mpaka likawa ganda. Hapo nilikiri kwamba Mama hakukosea kusikia. Jadi ndilo jina lake.

Nikaufungua tena ubeti wake. Mshororo wa pili nilikuwa nimeuchukua kama mzaha juu ya mwana kugeuka mzazi. Safari hii niliusoma taratibu pamoja na wa mwisho. Kisichozidi ni tiba. Aliutunga usiku ule ule niliomkatalia maji, saa ile ile, akanitaka niuandike kwa mkono wangu mwenyewe. Aliyaona niliyokuwa nikiyafanya kwa jina lake halisi, akayaita tiba, na mimi nikamjibu habari za vina.

Sisemi kwamba neno "kesho" limenitoka. Lingalipo. Ila saa tatu usiku siku hizi sishiki kikombe.

Mche mmoja niliupeleka Mombasa kwa dadangu, naye huniambia kwenye simu kwamba ameuweka mbali na mirehani asije akaunywesha kwa mazoea. Wa pili niliukuza katika kopo la maziwa lililotobolewa kwa msumari, na ulipotimiza majani manane nikaupeleka chumba cha mashine. Mzee wa Machakos alikuwapo, amepungua mwili, sauti ni ile ile. Nilimwekea kopo juu ya kimeza kando ya kitanda.

"Mzee," nikamwambia, "huyu ni mjukuu wa ule wako."

Hakutazama majani. Aliunyoosha mkono usio na mirija, akatia kidole udongoni hadi pingili ya pili, akakitoa, akakisugua kwa kidole gumba.

"Pakavu," akasema. "Vyema."